Mapigo kuruka na mshtuko wa moyo: nani anamleta mwenzie?

Ukishavuka arobaini hapa Dar mada za kijiweni zinajibadilisha zenyewe. Zamani pale kwa muuza kahawa Tandika ilikuwa Simba na Yanga mpaka usiku, sa hivi ni presha, sukari, nani kalazwa, nani kawekewa betri ya moyo, na haipiti wiki bila mtu kushika kifua na kusema "jamani mi moyo wangu unaruka", halafu anatokea mwingine ambaye hata huduma ya kwanza hajawahi kusomea anamjibu bila kupepesa macho, "huo ni mshtuko wa moyo unakuja huo, marehemu mjomba alianza hivyohivyo". Kahawa inaishia hapo.

Mi hii mada imenikaa kichwani kwa sababu kwetu imeingia kwa milango yote. Shemeji yangu, kaka yake mke wangu, alipata mshtuko wa moyo wa kweli, ule wa mshipa kuziba. Mama mdogo anaishi na mapigo yasiyo na mpangilio tangu mi sijaoa. Na mimi mwenyewe moyo unaruka, hasa usiku nikishalala. Kwa hiyo mabenchi ya kliniki nimeyakalia sana, na mi nina mdomo, nauliza, mpaka kuna sista alinitania "kaka we ungesomea tu". Sijasomea, nauza nyaya na soketi Kariakoo, ila nilichoelezwa na madaktari na nilichokwenda kukisoma mwenyewe baadaye naweza kukisimulia.

Chenyewe ni hiki. Watu wanadhani mapigo yakianza kuruka basi mshtuko wa moyo uko njiani unafuata. Mara nyingi mambo yanakwenda upande wa pili: mshtuko ndo unaovuruga mapigo, na yale mapigo yaliyovurugwa ndo yanayommaliza mtu kabla hajafika hospitali. Na wale wenye mapigo mabovu ya kudumu, adui yao mkubwa ni kiharusi kuliko mshtuko wa moyo. Na wengi wetu wa kijiweni, tunaoruka ruka tu mara mojamoja, hatuna hata kimoja kati ya hivyo. Sasa ngoja nieleze kwa nini, maana nikiishia hapa na mimi nitakuwa kama yule wa marehemu mjomba.

Moyo una njia yake ya umeme. Juu kulia kuna kikundi kidogo cha seli kinachotoa amri, kwa mtu mzima aliyetulia ni mara 60 mpaka 100 kwa dakika, ukipiga hesabu inafika kama mapigo laki moja kwa siku. Amri inasambaa kwenye vyumba viwili vya juu, vinabana, halafu inafika katikati kwenye kituo kingine ambacho kinaichelewesha kidogo makusudi ili vyumba vya chini vijae damu kwanza, ndo inaachiwa ishuke. Hicho kituo cha katikati mi nakiona kama trafiki wa makutano ya Morocco hapa Dar saa kumi na mbili jioni, taa zipo lakini yeye ndo anaamua nani apite na nani asubiri, na siku magari yakija hovyo kutoka kila upande yeye ndo anayeokoa makutano yasijifunge. Huyu trafiki mkumbuke, tutamhitaji tukifika kwa mama mdogo.

Kitu cha pili, tofauti kabisa, ni chakula cha moyo wenyewe. Moyo umejaa damu muda wote lakini haujilishi kwa ile inayopita ndani yake, una mishipa yake miwili inayochipuka pale mwanzo kabisa wa mshipa mkubwa unaotoka moyoni, halafu inaupakata moyo kwa nje na kugawanyika matawi. Presha, sukari, sigara na lehemu vinajenga utando wa mafuta kwenye kuta za hiyo mishipa miaka na miaka na wala husikii kitu. Siku utando ukichanika damu inaganda juu yake ikidhani ni kidonda, donge linaziba njia, na nyama yote ya moyo iliyokuwa inategemea tawi lile inaanza kufa. Huo ndo mshtuko wa moyo. Umeme hauhusiki mwanzoni, ni mshipa.

Shemeji yake ilianza asubuhi Buguruni wakati wanashusha mzigo. Alihisi kifua kimebanwa katikati, akasema ni gesi, akatuma kijana duka la dawa amletee vidonge vya tumbo, akavitafuna akakaa kivulini. Jasho likaanza kumtoka lile la baridi, mkono wa kushoto ukawa mzito, na taya likauma akadhani jino. Bahati yake mkewe alikuwa amempelekea chai, alipoiona ile sura hakutaka mjadala, akasimamisha bajaji. Hospitalini wakampima ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, kwenye dakika za mwanzo tu, wakampa aspirini atafune, wakachukua damu kupima troponini, hiyo ni protini inayovuja kutoka kwenye nyama ya moyo ikiumia, na wakaanza mipango ya kumzibua.

Sasa kilichonifungua macho hakikuwa kule kuzibuliwa. Kilikuwa kabla. Amelala pale kwenye kitanda na waya za monita kifuani, anaongea, anamwambia mkewe asisahau hela ya mzigo kwa fulani, mara sentensi ikakatika katikati, macho yakageuka, na ule mstari kwenye monita uliokuwa unapanda na kushuka kwa adabu ukawa fujo tupu. Sisi tukasukumwa nje. Walimshtua kwa ile mashine ya umeme, akarudi, na baadaye hakumbuki chochote zaidi ya kuuliza kwa nini kifua kinamuuma kama kapigwa na nyundo.

Dokta alitueleza jioni. Nyama ya moyo ikikosa damu, kabla haijafa inachanganyikiwa kiumeme, madini yaliyotakiwa yawe ndani ya seli, hasa potasiamu, yanavuja nje, sehemu moja inapitisha umeme haraka na ya jirani polepole, amri inaanza kuzunguka humohumo badala ya kupita na kuisha. Vyumba vya chini vinaacha kubana, vinatetemeka tu. Hiyo inaitwa fibrilesheni ya ventriko, na moyo unaotetemeka hausukumi damu hata kijiko, mtu anazimia ndani ya sekunde na bila msaada anakufa ndani ya dakika chache. Hatari hiyo iko juu zaidi kwenye saa za mwanzo za mshtuko, na ndo sababu watu wengi wanaokufa kwa mshtuko wa moyo wanafia nyumbani, njiani, kazini, kabla hata ya kuonwa na daktari. Mi nilikuwa najua kuwahi hospitali ni ili uzibuliwe. Kumbe kuna sababu ya pili, kuwahi ni ili moyo ukiamua kufanya fujo uwe jirani na mashine ya kuushtua, maana fujo ile ingetokea ndani ya bajaji pale Tazara kwenye foleni leo tungekuwa tunaongea habari nyingine kuhusu shemeji.

Siyo lazima mapigo yaende mbio pia. Mshipa wa kulia kwa watu wengi ndo unaolisha vile vituo vya umeme, kwa hiyo ukiziba huo unaweza kukuta mapigo yameshuka mpaka thelathini na kitu, mtu kalegea, presha hakuna, na wanamwekea betri ya muda mpaka moyo urudi kwenye akili zake. Mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa hivyo. Mzee wa Kigamboni, mcheshi sana, alipotolewa ile betri akadai arudishiwe chenji.

Halafu kuna baadaye. Nyama iliyokufa haioti tena, inabaki kovu, na kovu halipitishi umeme. Amri ikifika pale inalizunguka, na kwenye kuzunguka ikipata njia ya kurudi ilikotoka inaanza kujizungusha yenyewe kwa yenyewe, miezi au hata miaka baada ya mshtuko. Ndo maana shemeji anarudishwa kupimwa eko, ile picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, kuona kila pigo linasukuma nje asilimia ngapi ya damu iliyojaa chumba cha chini. Ukishuka mpaka asilimia 35 au chini ya hapo na ukabaki hivyo licha ya dawa, wanaanza kuongelea kumwekea kifaa kidogo chini ya ngozi kinachokesha kinasikiliza mapigo na kushtua chenyewe fujo ikianza. Yeye hajafika huko, alhamdulillah.

Ila aliporudi nyumbani alianza kuhisi moyo unaruka, na ECG ikaonyesha mapigo ya ziada yanayotoka vyumba vya chini. Akataka dawa ya kuyanyamazisha. Dokta akakataa. Shemeji akakasirika, akasema anabaniwa dawa, na hapo ndo nikaambiwa kisa ambacho mpaka leo nakiona cha ajabu kuliko vyote nilivyosoma kuhusu moyo. Miaka ya themanini madaktari walishajua kwamba waliopona mshtuko na wakabaki na mapigo mengi ya ziada wanakufa zaidi ya wenzao. Na dawa za kuyafuta mapigo hayo zilikuwepo na zinafanya kazi, ECG inatoka safi. Kwa hiyo hesabu ikaonekana rahisi, futa mapigo, okoa mtu, na dawa zikawa zinaandikwa. Kule Marekani wakaja kufanya utafiti wa kuhakikisha, unaitwa CAST, nusu wanapewa dawa, flekainidi au enkainidi, nusu wanapewa kidonge kisicho na kitu. Matokeo ya kwanza yalitoka 1989 baada ya kusimamisha hizo dawa mbili kabla ya wakati: kwa waliopewa dawa walikufa 56 kati ya 730, kwa waliopewa kidonge kitupu walikufa 22 kati ya 725. Mapigo yamefutwa, watu wamekufa zaidi ya mara mbili. Mapigo ya ziada yalikuwa yanaonyesha tu kwamba kuna kovu na moyo umeumia, kuyafuta hakukulifuta kovu, na ile dawa kwenye moyo wenye kovu ilikuwa inatengeneza fujo mpya. Shemeji alivyoelezwa hivyo akatulia, akaendelea na dawa zake za kawaida ikiwemo bisoprololi, ya kundi la dawa ambalo tafiti za zamani zilionyesha linapunguza vifo baada ya mshtuko. Mi kisa hiki huwa nakirudia kila nikisikia mtu anataka dawa ya kunyamazisha kitu bila kujua kinatoka wapi.

Mpira sasa, maana bila mpira vijana hawasomi. Christian Eriksen, 12 Juni 2021, Copenhagen, Denmark na Finland, anaanguka bila kuguswa na mtu. Wengi pale kijiweni mpaka leo wanakwambia alipata mshtuko wa moyo. Kilichotokea ni moyo kusimama, yaani umeme, wakamkandamiza kifua, wakamshtua na mashine palepale uwanjani, akarudi, baadaye akawekewa kile kifaa cha kushtua chenyewe. Sheria za Italia hazikumruhusu kucheza nacho, akaachana na Inter, akaibukia Brentford mwanzoni mwa 2022 halafu Manchester United. Marc-Vivien Foé wa Cameroon hakubahatika, 26 Juni 2003 pale Lyon dhidi ya Colombia, miaka 28, uchunguzi ulikuta nyama ya moyo wake ilikuwa nene kupita kawaida, ugonjwa ambao mtu anazaliwa na asili yake na unaweza kuvuruga umeme wa moyo ghafla, hasa ukiwa kwenye jasho. Kwa hiyo moyo unaweza kusimama kwa umeme tu bila mshipa kuziba, na mshipa unaweza kuziba mtu akabaki anaongea na kudai hela zake. Kinachoyaunganisha mambo hayo mawili ni pale shemeji alipofika: mshipa ukaziba, umeme ukafuata. Kwa watu wa umri wetu hiyo ndo njia kubwa ya moyo kusimama.

Haya, mama mdogo.

Mama mdogo yuko Mbagala, utotoni alikuwa mtoto wa mafindofindo kila mara, koo linauma wanamsukutua maji ya chumvi yanaisha. Hakuna aliyejua kwamba koo lile la bakteria lisipotibiwa vizuri linaweza kuleta homa ya rumatiki, na homa hiyo inakwenda kula valvu za moyo, vile vilango vya kupitisha damu, taratibu. Alikuja kugundulika akiwa mjamzito, anapumua kwa shida, valvu ya kati ya chumba cha juu kushoto na cha chini imebanwa. Damu ikikwama juu chumba kinavimba, na chumba kilichovimba kinapoteza mpangilio wa umeme, badala ya amri moja zinakuja mamia kwa dakika kutoka kila kona. Hiyo ndo fibrilesheni ya atria, kliniki wanaita AF tu. Haui kama ile ya chini kwa sababu yule trafiki wa katikati yupo kazini, hapitishi zote, anapitisha zinazowezekana, ila anazipitisha bila ratiba. Ukimshika mama mdogo mkono usihesabu tu, sikiliza mwendo: mawili ya haraka, kimya, moja kubwa, matatu madogo, hakuna wimbo. Kwa wazee wengine hapa mjini wasio na shida ya valvu, kinacholeta AF sana ni presha ya miaka mingi.

Na hatari yake iko wapi? Chumba cha juu kinachotetemeka hakifagii damu vizuri, na upande wa kushoto kuna kijifuko pembeni ambamo damu inatuama, inaganda. Donge likichomoka linashuka, linatoka na mshipa mkubwa, na njia rahisi ya mbele yake ni shingoni kuelekea ubongoni. Mwenye AF ana hatari ya kiharusi kama mara tano ya asiye nayo. Ndo maana mama mdogo anakunywa warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, siyo ya moyo wala siyo ya mapigo, ni ya kulinda ubongo, na hili ilibidi nimweleze sana kwa sababu alikuwa anasema "mbona nameza na moyo bado hauna adabu".

Warfarini ni mke mwenye wivu, samahani mama. Inapimwa damu kila mara kuona inachelewa kuganda kiasi gani, namba inaitwa INR, kwake inatakiwa kati ya 2 na 3. Mchicha, matembele, kisamvu vina vitamini K inayopunguza nguvu yake, lakini haina maana aache mboga, maana yake ale kiasi kinachofanana siku zote, asije akala kisamvu wiki nzima kwa sababu kuna msiba halafu wiki inayofuata anakula wali nyama tu. Kubwa kuliko mboga ni duka la dawa. Mtu tumbo likimkoroga kidogo anakwenda kununua Flagyl, mgongo ukiuma diklofenaki, na hizo mbili kwa mtu wa warfarini ni balaa, Flagyl inapandisha nguvu ya warfarini na diklofenaki inafungulia tumbo kutoka damu. Sisi tumeandika kwenye karatasi tumeibandika mlangoni kwake ndani na kila mjukuu anaijua. Kuna dawa mpya zisizohitaji kupima INR na kwa wenye AF ya kawaida zinafaa sana, ila kwa aliyebanwa valvu na rumatiki kama yeye hapana, utafiti uliotoka 2022 uliofanyika kwa wagonjwa wa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini ulikuta waliobaki na dawa za aina ya warfarini walikufa wachache kuliko waliopewa hiyo mpya. Nafurahi kwamba safari hii kuna utafiti uliofanyika kwa watu wenye ugonjwa kama wetu.

Kwa hiyo AF haileti mshtuko wa moyo kabisa? Inaweza, ila kwa njia za pembeni. Moja, donge lile mara chache sana linaweza kuingia kwenye mshipa wa moyo wenyewe badala ya kwenda kichwani. Ya pili inatokea zaidi na mi ndo niliipenda kuielewa: upande wa kushoto wa moyo unapata damu yake hasa wakati umelegea, siyo wakati unabana, kwa sababu ukibana unaifinya mishipa yake. Sasa mapigo yakikimbia 160 au 180 kwa muda mrefu, muda wa kulegea unakatwa, chakula kinapungua wakati kazi imeongezeka, na kama mishipa ilishakuwa myembamba kwa mafuta, nyama inaumia na troponini inapanda bila hata donge kuziba kitu. Huo nao ni mshtuko wa moyo, wa aina yake, na tiba yake inaanza na kilichokimbiza moyo, iwe AF, homa kali, au upungufu mkubwa wa damu. Na kuna utafiti mkubwa Marekani uliotoka 2014 ulioonyesha wenye AF wana hatari karibu mara mbili ya kupata mshtuko wa moyo. Sehemu kubwa ya maelezo yake haishangazi, presha ileile, sukari ileile na unene uleule vinavyovimbisha vyumba vya juu ndo vinavyochafua mishipa. Ni wageni wawili wa mwenyeji mmoja.

Kitu kidogo nje ya mada. Wale tuliokunywa kwinini utotoni masikio yakavuma tunaidai heshima kidogo. Mwaka 1912 mfanyabiashara mmoja Mholanzi alimwambia daktari wa moyo Karel Wenckebach kwamba mapigo yake yakivurugika anayarudisha mwenyewe kwa kunywa gramu moja ya kwinini, aliizoea kwa ajili ya malaria. Daktari hakuamini, kesho yake jamaa akarudi na mapigo yamenyooka. Kutoka hapo wakaja kupata kwinidini, dada yake kwinini, ambayo ilitumika miongo mingi kama dawa ya mapigo. Ila ikaja kujulikana nayo inaweza kuanzisha fujo mbaya zaidi, hadithi ileile ya CAST, kwa hiyo tafadhali mtu asiende kutafuta kwinini ya moyo.

Saa janja nazo. Kariakoo zimejaa, za laki na kidogo mpaka za milioni, vijana wanapenda kunionyesha. Zile nzuri zinaweza kushtukia AF kweli, na ni jambo jema kwa mtu ambaye AF yake inakuja na kuondoka. Lakini hakuna saa ya mkononi inayoona mshipa ulioziba. Shemeji angekuwa nayo pale Buguruni ingeweza kumwandikia mapigo yako ni ya kawaida huku nyama inakufa. Kifua kikibana zaidi ya dakika chache, jasho la baridi, kichefuchefu, pumzi kukata, maumivu kwenda mkono au taya, usiangalie saa ya aina yoyote, nenda hospitali, na usiendeshe mwenyewe wala usipande boda. Wanawake na wenye sukari wanaweza wasisikie kifua kabisa, ni uchovu wa ghafla na kukosa pumzi tu. Na kwa upande wa mapigo, kuruka kunakotakiwa kukupeleka haraka ni kule kunakoambatana na kuzimia au kutaka kuzimia, maumivu ya kifua, kukosa pumzi, au kama kwenu kuna ndugu aliyekufa ghafla kijana. Mtu akianguka mbele yako hapumui, haitiki, weka viganja katikati ya kifua ukandamize kwa nguvu, sentimita 5 mpaka 6 kwa mtu mzima, mara 100 mpaka 120 kwa dakika, usisimame mpaka msaada ufike. Kumwagia maji na kumnusisha kitunguu hakusukumi damu.

Mimi? Mimi nilivishwa ile mashine ya Holter ya kurekodi mapigo usiku na mchana, nikalala nayo mke wangu akasema nimekuwa roboti. Ikakuta mapigo ya ziada, yanakuja kabla ya muda wake, moyo unasimama kidogo kujipanga halafu pigo linalofuata linakuwa kubwa, na hilo kubwa ndo ninalolisikia kama kuruka. Eko safi, nyama safi, valvu safi. Dokta akasema kwa moyo mzima kama huu ni kitu karibu kila mtu anacho akirekodiwa vya kutosha, kinaongezwa na usingizi mdogo, mawazo, pombe, na vile vinywaji vya kuongeza nguvu ambavyo nilikuwa navinywa dukani mchana. Kahawa hakunikatalia, alisema nipunguze kama naona inanizidishia.

Halafu akanifunga mkono kupima presha, 152 kwa 96. Akapima tena mkono wa pili, akanisubirisha, akapima tena. Kuanzia hapo hatukuongelea mapigo, muda wote uliobaki tuliongelea presha, kwa sababu kati ya vyote alivyonikuta navyo hiyo ndo yenye uwezo wa kunifanya nifanane na shemeji, na nikizeeka nayo, kupata AF kama ya mama mdogo. Kidonge kimoja cha amlodipini kila asubuhi, chumvi ya mezani mke wangu kaiondoa bila kuitisha kikao, na vile vinywaji nimeacha ingawa kijana wa dukani bado ananiletea kwa mazoea anavinywa yeye. Presha imeshuka. Mapigo yanaruka mara mojamoja na dokta hana mpango nayo.